Kwenu Ni Wapi?

Wasomaji wa visiwani na wa mwambao, kama wanaijua Babati, yumkini wanaijua kwa kuipita, pale basi linaposimama kidogo kati ya Arusha na Dodoma na abiria wakashuka kunyoosha miguu. Bagara ni kata mojawapo ya mji huo, ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Wenye ardhi ni Wagorowa, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Wafiomi. Pamoja nao wanaishi Wairaqw, Wabarbaigi, Wambugwe na Warangi. Wakaja Wanyaturu, Wachaga na Wapare. Wakaja pia watu ambao mababu zao walivuka bahari au mpaka: Waarabu, Wahindi, Wasomali. Wanaisimu huvutiwa mno na pande zetu hizi, kwa kuwa lugha za Kibantu, za Kikushi na za Kinailoti zimekutana hapa, na si mbali nasi wapo Wasandawe na Wahadza wenye lugha za vidoko.

Katika mji wa namna hii, swali linalofuata salamu ni moja: kwenu ni wapi? Kwa asili yake ni swali la adabu. Muulizaji anatafuta mahali pa kumweka mwenzake ndani ya ujamaa. Mpare akijitaja mbele ya Mchaga, papo hapo utani huanza. Mmoja humchoma mwenzake kwa maneno ambayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine yangezua ugomvi. Mwenzake naye hujibu kwa makali yale yale, na wote wawili wakacheka. Ukiutazama vyema, utani ni mkataba: nina ruhusa ya kukusema, nawe una haki ya kunijibu.

Lakini yupo kijana asiye na mtani. Babu yake alikuja na mifugo au na mzigo wa bidhaa. Baba yake akazaliwa hapa, akafungua duka, akazika wazee wake katika makaburi ya hapa. Yeye mwenyewe hana lugha nyingine ila Kiswahili. Akiulizwa kwao ni wapi, hujibu, “Hapa.” Huambiwa, “Sawa, lakini hasa hasa?” Neno hilo si tusi, na mara nyingi humwingia sikio hili likatokea lile. Hata hivyo linamfunza jambo: kwamba jibu lake halikupokelewa, na kwamba wenziwe wanamjua kuwa na kwao kwingine ambako yeye mwenyewe hakujui. Nataka kuuliza imekuwaje vijana wachache wa hali hii, waliolelewa katika jamaa zilizokwisha kuzoea nchi na kufanana na wenyeji, wakaishia kuinua silaha dhidi ya majirani zao. Na je, sisi majirani tunadaiwa nini kabla mambo hayajafika huko?

Swali hili si la nchi za mbali. Tarehe 25 Agosti 2021, jijini Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja, kabla ya yeye mwenyewe kupigwa risasi akafa. Alikuwa Hamza Mohamed, Mtanzania wa jamaa yenye asili ya Kisomali, iliyojishughulisha na madini. Siku chache baadaye polisi walitangaza kuwa alikuwa gaidi, na kwamba itikadi hiyo aliipata kwa kujifunza katika mitandao. Hayo ni maelezo ya polisi. Mahakama haikuyapima, kwa kuwa aliyepaswa kuulizwa alikuwa amekwisha kufa. Wanne waliouawa siku ile ndio wa kwanza kukumbukwa katika mazungumzo yoyote ya jambo hili. Uchambuzi unaowasahau hugeuka kuwa udhuru wa muuaji.

Tutazame na kwa wenzetu. Tarehe 7 Julai 2005 vijana wanne walijilipua katika treni na basi mjini London, wakaua watu 52. Watatu kati yao walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Pakistani, waliokulia Yorkshire. Wa nne alizaliwa Jamaika na alikuwa amesilimu. Mohammad Sidique Khan alikuwa na kazi ya kuwasaidia wanafunzi katika shule ya msingi. Shehzad Tanweer alipenda mchezo wa kriketi, na baba yake alikuwa na duka la samaki na chipsi, chakula ambacho hakuna cha Kiingereza kukizidi. Baada ya mauaji hayo ilitangazwa kanda ya Khan. Katika kanda ile alizungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Yorkshire, akiwaita Waingereza “nyinyi” na kuwaita Waislamu wa dunia watu wake. Lugha ya kuwakana majirani alikuwa amefunzwa na majirani wenyewe.

Mfano wa pili unatugusa zaidi watu wa miji midogo. Tarehe 21 Septemba 2013 washambuliaji waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa. Mmoja wa washambuliaji alitambuliwa kuwa Hassan Abdi Dhuhulow, raia wa Norway. Alizaliwa Somalia, akahamia Norway na jamaa yake mwaka 1999 akiwa mtoto, akakulia Larvik, mji mdogo wa pwani wenye utulivu. Wenye kudhani kwamba ukali wa itikadi huzaliwa tu katika vitongoji vya dhiki na njaa, waitazame Larvik.

Wataalamu wamegawanyika. Mfaransa Olivier Roy anasema kwamba wengi wa waliofanya mashambulizi Ulaya ni kizazi cha pili cha wahamiaji au watu waliosilimu, na kwamba wa kizazi cha kwanza na cha tatu ni wachache. Kwake yeye huu ni uasi wa vijana dhidi ya wazazi, uliovishwa kanzu ya dini. Mwenzake Gilles Kepel anapinga, akisema kwamba mafundisho yenyewe yana nguvu zake na hayafai kuchukuliwa kuwa vazi tu. Sidhani kwamba tunalazimika kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Moto huhitaji kuni na huhitaji kiberiti. Mimi nauliza juu ya kitu cha tatu, nacho ni upepo: ni hali gani inayoliacha neno baya liwake ndani ya mtu mpaka likamla yeye na jirani zake?

Nionavyo, katika jamaa nyingi za wahamiaji mambo huenda hivi. Babu ana nchi aliyoiacha. Anaijua kwa mema yake na mabaya yake, anajua nani alimdhulumu na nani alimpa maji. Baba ana kazi ya kukubalika. Ili watoto wasichekwe, huiacha lugha ya babu, hufupisha jina, hunyamaza juu ya yaliyopita. Kunyamaza huko si woga. Ni sadaka ya mzazi. Mtoto hurithi ukimya. Ana jina ambalo wengine hulisoma kuwa la kigeni, lakini hana hadithi ya kulijaza jina hilo. Anapotokea mshawishi na kumwambia, “Mimi najua kwenu, na kwenu kunaungua,” kijana hana kipimo cha kuyapimia maneno hayo. Babu angesikia angecheka, au angelia, au angeuliza maswali matatu ambayo mshawishi asingeyaweza. Lakini babu hakuulizwa, na huenda lugha ya kumuulizia haipo tena nyumbani.

Hebu tukumbuke yaliyotokea Minneapolis, Marekani. Majeshi ya Ethiopia yalipoingia Mogadishu mwishoni mwa mwaka 2006, Wasomali wengi duniani waliumia, na haki walikuwa nayo ya kuumia. Katika miaka miwili iliyofuata vijana kadhaa wa mji ule waliondoka kimya kimya kwenda kupigana. Mmoja wao, Shirwa Ahmed, alijilipua kaskazini mwa Somalia mwezi Oktoba 2008, na watu wa mji wake mwenyewe ndio waliopata habari hizo kwa mshangao mkubwa kuliko wote. Wengi wa vijana hao walikuwa wameondoka Somalia wangali watoto. Mama aliyeikimbia vita anaijua. Mtoto aliyeisikia kwa mbali huweza kuitamani. Tena tuzingatie kwamba mshawishi hakuanza na uongo. Alianza na uchungu wa kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu asiyeukubali ule ukweli wa mwanzo hatasikilizwa atakapoupinga uongo wa mwisho.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Ni methali yenye hekima, lakini methali ni kama kisu, haichagui mkono. Mshawishi huishika hiyo hiyo. Humwambia kijana kwamba baba yake ni mtumwa, kwa kuwa ameiacha asili ili apendwe na wageni. Kisha humwahidi kumrudishia asili. Lakini ukiitazama asili anayoiuza, haina bibi wala babu ndani yake. Mawlidi ya wazee huyaita upotovu. Kasida zao huzikataza. Makaburi yao huyabeza. Lugha yao haijui. Ni kwao kusiko na watu. Ndiyo maana hata asiye wa asili hiyo anaweza kuinunua. Michael Adebolajo alizaliwa London na kulelewa na wazazi Wakristo wenye asili ya Nijeria. Mwaka 2010 alikamatwa Kenya, pande za Lamu, akishukiwa kuwa njiani kwenda Somalia. Na tarehe 22 Mei 2013 yeye na mwenzake walimuua askari katika barabara ya Woolwich, London. Asili aliyoidai siku ile haikuwa ya baba yake, wala ya mama yake, wala ya mababu zake.

Hapa msomaji ana haki ya kunisimamisha na kuuliza: je, huku si kuwatetea wauaji? Vijana wangapi wameulizwa “hasa hasa”, wakakua, wakaoa, wakafungua maduka, wakawa waalimu na madaktari, bila kumgusa mtu? Ni wengi mno, na hao ndio hoja kubwa dhidi ya yeyote atakayesema kwamba kutokukubaliwa humlazimisha mtu kuua. Hakumlazimishi. Kati ya jeraha na kisasi kuna mlango, na mwenye kuufungua ni mwenye mkono. Khan aliwajua watoto kwa majina yao shuleni. Hakuna dhulma ya Iraki wala ya Palestina iliyoufanya mkono wake usiwe wake. Kueleza njia aliyopita mtu si kumwondolea hatia ya kuipita. Lakini wanaojua njia na wasizibe shimo, hao nao wana deni lao, ingawa si deni la damu.

Deni hilo tumezoea kulilipa kwa sarafu mbaya. Mwezi Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, polisi wa Kenya waliwakamata maelfu ya watu Eastleigh, wengi wao Wasomali, wakiwemo Wakenya wenye vitambulisho, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Lile swali la adabu, kwenu ni wapi, sasa liliulizwa kwa bunduki. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Sisemi kwamba jambo la kwanza lilizaa la pili. Nasema kwamba la kwanza halikulizuia la pili, na lilimwachia mshawishi ushahidi wa kuonyesha.

Ipo pia njia ya kunyamazisha. Sheikh Aboud Rogo Mohammed, aliyetuhumiwa kuwaungia mkono al-Shabaab, alipigwa risasi garini mwake Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, akafa, na mji ukaingia katika ghasia. Hotuba zake za Kiswahili zilizorekodiwa hazikufa naye. Ziliendelea kusikilizwa, na safari hii msemaji wake hakuwa tena mtu wa kubishiwa. Alikuwa amegeuka sauti. Sauti isiyo na mwili haiwezi kuulizwa swali, haiwezi kushindwa hoja, haiwezi kuona haya mbele ya wazee.

Watu wa mwambao wanajua namna nyingine ya kutumia kanda iliyorekodiwa. Katika miaka ya 1974 na 1975, wakati wa kinyang'anyiro cha ubunge Lamu, mashairi ya Kimondo yalisambazwa kwa kaseti. Maneno yalikuwa makali, na heshima za watu ziliguswa. Lakini kila kaseti iliyotoka ilingoja jibu, na jibu lilikuja, kwa bahari ile ile na vina vyake, na mji mzima ukasikiliza pande zote mbili. Chombo kilikuwa kimoja na kile cha hotuba. Tofauti ilikuwa ni kiti kilichowekwa upande wa pili kwa ajili ya mjibuji. Malumbano ya washairi, barza ya jioni, utani wa huku bara: vyote vitatu ni mipango ya kuhakikisha kwamba neno kali halibaki peke yake na aliyelisikia.

Nisiyatukuze malumbano kupita kiasi. Mwanzoni mwa karne ya 19 washairi wa Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji akiwa mmoja wao, walijibizana kwa tungo, na vita vya Shela vikapiganwa vile vile. Shairi halizuii jahazi la vita. Lakini walau kila upande ulimjua adui kwa jina na kwa hoja. Hakuna aliyeamka asubuhi akamkuta muuaji ndani ya nyumba ambaye hakuwahi kumsikia akilalamika. Kinachotisha katika visa nilivyovitaja ni kwamba hoja ilianza, ikakua na ikakomaa gizani, na mara ya kwanza majirani kuisikia ilikuwa ni mlio wa risasi.

Tufike basi penye ugumu wenyewe. Mzazi anamwona kijana wake akibadilika: anajitenga, anawadharau wazee, anazungumza juu ya “makafiri” nyumbani kwa mama yake. Afanye nini? Akinyamaza, huenda akashiriki katika damu za watu. Akienda polisi, huenda asimwone tena mwanawe; familia za mwambao wa Kenya zilizopoteza vijana katika mikono isiyojulikana zinaielewa hofu hiyo. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa, Abdirahim Abdullahi, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake, chifu katika Mandera, alikuwa ameripoti kwa wakuu wa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Alitimiza wajibu wake, na watu 148 wakafa. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2015, iliwapa waalimu wajibu wa kuwaangalia wanafunzi wanaoelekea kwenye itikadi kali. Nia ni njema, lakini mwanafunzi anayejua kwamba swali lake litaandikwa kwenye faili hataliuliza darasani. Atakwenda kuliuliza kwa yule asiyeandika.

Jawabu langu ni kwamba kuripoti ni wajibu pale mkono unapoanza kutafuta silaha. Hapo maisha ya wengine yanatangulia uchungu wa mzazi, na asemaye kinyume ajaribu kuyasema hayo mbele ya wazazi wa Garissa. Lakini wajibu huo huja mwisho, na mara nyingi huja umechelewa. Kabla yake kuna miaka ambayo kijana ana maneno tu. Katika miaka hiyo anachodaiwa na mzazi ni hadithi ya babu, pamoja na aibu zake, isimuliwe kwa lugha yoyote iliyobaki. Anachodaiwa na mwalimu na sheikh na padre ni subira ya kulisikia neno baya mpaka mwisho wake na kulijibu, badala ya kulifukuza. Anachodaiwa na jirani ni utani: kumpa kijana yule nafasi ya kusema na kusemwa kama mwenyeji mwingine yeyote. Naye kijana anadaiwa kitu kimoja, nacho si kidogo: alete swali lake mahali ambapo linaweza kujibiwa. Anayelificha swali lake akamsikiliza mtu mmoja tu, amekwisha kuchagua kabla ya kuchagua.

Wahenga walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nchi yetu iliwahi kuifanyia kazi methali hiyo kwa upana. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 walilima Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa miongo kadhaa, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Serikali ilijibu kwa karatasi swali la kwenu ni wapi, na ilijibu vyema. Lakini karatasi hukaa kabatini. Mtoto wa mtu yule, akikaa Mpanda au Bagara au Ng'ambo, ataulizwa tena na mtu anayemuuzia maandazi. Siku hiyo akisema “hapa”, muulizaji ana hiari ya kutia “hasa hasa”, na ana hiari ya kumuuliza, “Hapa mtaa gani?”